Ngome Isiyowahi Kutekwa

Siku yangu ya majaribio ya kuongoza watalii, bosi alipanda basi letu akakaa kiti cha nyuma, anisikilize neno kwa neno. Nikikosea, kazi sina. Karatasi yake ya maelezo kwa watalii nilikuwa nimeikariri yote: majumba matatu ya wafalme, kila mfalme mwema kupindukia, na ngome moja isiyowahi kutekwa.

Tulipofika ngomeni, bibi mmoja mgeni akaingiza kichwa kwenye tundu kubwa la ukutani. "Mwanangu, na hili?"

"Ni dirisha, bibi," nikajibu, maana karatasi ilisema hivyo.

"Dirisha la kupitisha ng'ombe?"

Wageni wakaangua kicheko. Bibi akanitazama kwa huruma, nami moyo ukanishinda.

"Lilitobolewa na mzinga, bibi. Ngome ilitekwa asubuhi moja, walinzi hata chai hawajanywa."

Simu zote zikatoka kupiga picha. Majumba matatu hayakupata heshima hiyo.

Bosi akanijia, uso umekunjamana. "Nani kakufundisha hayo?"

"Chuo, bosi."

"Basi kesho utaanzia hapa. Ila majumbani usinitibulie. Wale wafalme waache na wema wao."