Punje Aliyoimeza Mama

Mama alinikabidhi shanga za bibi zikiwa zimeoshwa na kupakwa mafuta, kana kwamba kuna watu wanakuja kuziposa. Nilichukia, maana mashine yetu ya maabara husoma kila kilicho juu ya shanga, mafuta ya nywele yakiwemo, na asubuhi nzima ikaishia kwenye kuzisafisha upya. Lakini haraka yake niliijua. Shangazi, dada yake baba, amemsimanga tangu alipoolewa kwamba urithi anaojivunia ni vioo vya sokoni. Mama alitaka neno la maabara limfunge wifi yake mdomo.

Nilianza na ile punje kubwa ya bluu, kipenzi chake. Alipokuwa mtoto aliimeza, na bibi akawa anamchunguza kila akienda haja mpaka ikapatikana. Wajomba hawajaacha kumtania: eti shanga nyingine zilisafiri kwa bahari, hiyo ilipita njia ya mkato.

Leza ilichimba kitundu kisichoonekana kwa macho, mashine ikasoma kilichotoka. Kioo cha kiwandani, sawasawa na chupa ya dawa. Nikazipima zilizobaki mojamoja: aluminiamu nyingi, viputo vilivyovutika kama uzi, kioo cha ng'ambo kilichoyeyushwa karne nyingi zilizopita. Hizo zilikuwa za kale kweli. Nikairudia ya bluu chini ya darubini, nikaona mikwaruzo ya jiwe, na tundu lililotobolewa kwa mkono kutoka pande mbili, likakutana katikati kwa taabu.

Jioni nilimweleza yote jikoni, bila kuficha. Nilidhani atalia kwa kuwa shangazi ameshinda. Akaikunja kanga magotini, kisha akasema, "Kwa hiyo haikutoka."

"Haikutoka, mama."

Punje aliyoimeza ilikuwa imepita mikono ya mabibi wengi, na mtoto aliyeipoteza angesimangwa mpaka uzeeni. Bibi akasaga kipande cha chupa mpaka kikawa punje, akasema imepatikana, akaenda na siri yake kaburini. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyompenda akiwa hai.

Shangazi alipokuja Jumamosi, nilikuwa nimejipanga kuanza na zile za kale. Mama akaniwahi. Akazipita zote, akamshikisha ile ya bluu.

"Wifi, ulisema kweli," akamwambia. "Hii ni chupa. Mama yangu aliisaga kwa ajili yangu."