Kasuku wa Jumba la Kaskazini

Kwetu husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimeishi kwa methali hiyo bila haya. Nilisomea wanyamapori kisha nikatafuta kazi ya mezani. Simba wakae kwenye karatasi, nami nikae kwenye kiti. Idara ya serikali iliyoniajiri hapa Riyadh ilinipa kiti hicho, na kazi ya kuchunguza maombi ya vibali: nani anafuga nini, kimetoka wapi, kiliingia lini. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na ikama yangu, kibali cha kuishi nchini, imefungwa kwenye mkataba huo. Mkuu wangu akikohoa, mimi napata mafua.

Mara mojamoja hunituma Jeddah pamoja na Mishaal, daktari wa mifugo, kijana wa Kisaudi asiyependa maneno mengi, tukamwone mnyama kabla kibali hakijatoka. Safari hii alikuwa kasuku wa kijivu katika jumba la mfanyabiashara upande wa kaskazini mwa mji. Mkuu alinionya nisijipe kazi. Mwenye nyumba ni mtu mzito, soma pete ya mguuni, piga picha, halas, basi. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ninayoipenda.

Madam, mke wa mfanyabiashara, alitufungulia mlango mwenyewe. Alinitazama juu hadi chini, akamwuliza Mishaal kwa Kiarabu kama ofisi ya wafanyakazi imemleta msichana wa kazi leo. Kiarabu changu ni cha kazini, lakini hilo nililielewa. Mishaal akamweleza kwamba mkaguzi ndiye mimi. Basi aliomba radhi mpaka mimi nikaona aibu, akatuketisha, akatumiminia gahawa kwa mkono wake. Tumwie radhi, alisema, hana msaidizi. Yule Mkenya wake alitoroka kabla ya Ramadhani, na mumewe amekwisha kumripoti.

"Wote mnatoroka," akaniambia, tena kwa upole.

Nilimeza neno hilo pamoja na gahawa.

Kasuku alikuwa nyuma ya jiko, katika tundu kubwa kando ya mlango wa chuma. Mishaal alimshika kwa taulo, mimi nikasoma namba za pete. Zililingana na karatasi. Alikuwa ametoka kwa mfugaji wa Ulaya, akaingia nchini kwa njia halali, akafikishwa nyumba hii baada ya Idi. Nilikuwa nimekwisha kutoa kalamu nitie sahihi.

Mishaal akamrudisha ndani ya tundu. Kasuku akajikung'uta manyoya, akatoa sauti ya ufunguo. Kra, kra. Ufunguo unaozungushwa mara mbili kwenye kitasa kizito. Kisha akalia. Kilikuwa kilio cha mtu mzima anayejibana asisikike, cha puani, kikikatwa na pumzi. Halafu akasema kwa Kiswahili cha kwetu, cha Magharibi mwa Kenya:

"Winfred, nyamaza. Nyamaza, mama. Mungu hajalala."

Nikajiambia si kitu, ni yule msichana aliyetoroka, alikuwa akijibembeleza mwenyewe, kasuku kamwiga. Kasuku hushika kile anachosikia kila siku. Na hapo karatasi zangu, zile nilizozikimbilia nikidhani zina usalama, zikanigeuka. Msichana aliondoka kabla ya Ramadhani. Kasuku alifika baada ya Idi. Kwa maneno ya Madam, hawa wawili hawakuwahi kuonana. Na huko Ulaya, nani angemfundisha Kiswahili cha kwetu?

Nikautazama mlango wa chuma. Madam akaniona nikiutazama.

"Anasema nini?" akauliza.

Nikamjibu sijui, si lugha yangu. Uongo huo haukuwa wa ujanja, ulinitoka kwa hofu.

Niliogopa sana. Niliogopa mkuu wangu, niliogopa polisi, lakini zaidi ya yote niliuogopa mlango ule. Muda mfupi tu uliopita mwanamke huyu alikuwa ameniona mimi ni msichana wake mpya. Kilichonitenga na Winfred kilikuwa kitambulisho cha plastiki kilichoning'inia shingoni. Miguu ilinisihi twende. Ningerudi Riyadh, ningempigia mtu simu, naye angempigia mwingine, na kabla hawajamaliza kusalimiana, Winfred angekuwa amehamishiwa nyumba nyingine. Kuanzia hapo asingekuwepo tena mahali popote. Amekwisha kuripotiwa mtoro. Nani humtafuta mtoro kwa kafili wake, mwajiri yuleyule aliyemripoti?

Kasuku akazungusha ufunguo tena.

"Huyu ndege ni mgonjwa," nikasema.

Nikaeleza, sauti ikinitetemeka, na kutetemeka huko kukanisaidia. Kuna homa ya kasuku. Hushika mapafu, na humwambukiza mtu. Kila aliyemlisha au kusafisha tundu lazima apimwe leo. Kila anayelala katika nyumba hii, na watoto kwanza.

Homa hiyo ipo kweli, lakini kasuku yule alikuwa mzima kuliko mimi. Madam alimgeukia Mishaal, maana ndiye daktari, ndiye mwanamume, ndiye wa kwao.

"Ni kweli haya?"

Mishaal alikuwa ametoka kumshika ndege yule kwa mikono yake. Alijua nimedanganya. Kiswahili hajui hata neno, ila masikio anayo. Akisema hapana, nimekwisha mimi, na Winfred naye amekwisha. Akamtazama kasuku. Akautazama mlango. Kisha akatoa barakoa mfukoni, akaivaa taratibu.

"Kweli," akasema. "Nani husafisha tundu hili?"

Madam alisema ni yeye. Mishaal akamwuliza kasuku hula nini asubuhi. Hakujua. Hapo Mishaal akamwambia, bila ukali wowote, kwamba kama kuna mgonjwa ambaye sisi hatukumwona, sisi tutarudi zetu Riyadh, lakini watoto watabaki naye humu ndani.

Madam aliusogelea mlango. Uso wake ulikuwa na hofu kama wangu, nami nilimhurumia kidogo, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Kisha akaingiza mkono mfukoni. Kra, kra. Kasuku akaitikia papo hapo, kra, kra.

Mle ndani kulikuwa giza, hakuna hata dirisha. Winfred alitoka akipapasa ukuta, macho kayafumba kwa mwanga, miguu mitupu, mwanamke wa rika langu. Alipoyafumbua aliniona mimi kwanza. Aliutazama uso wangu, baibui langu, akanisogelea, akaninong'oneza:

"Dada, usikubali kuingia. Kimbia."

Nilitaka kumwambia mimi ni mtu wa serikali. Nilimshika mkono tu, nikaukamata kwa nguvu mpaka gari la wagonjwa lililoitwa na Mishaal likafika.

Kutoka hospitali alipokelewa na watu wa ubalozi, na baada ya kuhangaishwa huku na huku alirudi kwao Mumias. Majibu ya kipimo cha kasuku yalionyesha hana ugonjwa. Mkuu wangu aliniita akataka kujua nilikuwa naona nini. Mishaal akajibu kabla yangu kwamba sote wawili tuliona dalili zilezile. Mkuu hakuuliza zaidi, lakini mkataba wangu hajausaini. Kila simu ikilia nadhani ni yeye.

Kasuku tulimchukua. Yuko kwenye vizimba vya idara hapa Riyadh, karibu na ofisi yangu, na hajaacha mambo yake. Winfred hunipigia simu kumjulia hali. Juzi aliniuliza kama bado anafanya ile sauti ya ufunguo.

"Bado."

"Na usiku mnamfungia?"

Nikamwambia ni kanuni, dada, vizimba vyote hufungwa jioni.



"Basi mwachieni taa," akasema. "Kufungwa unazoea. Giza huzoei."

Tangu siku hiyo namwachia taa. Na nyumbani kwangu pia siizimi.