Mkono wa Kulia wa Mzee Nyongesa

Mwaka ule wa 2006 Hillary aliponunua skana, majirani zake wa Matisi, mjini Kitale, walijua kabla ya mkewe. Ilikuwa ile yenye taa kwenye kifuniko, inayosoma hata negativu, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, na Hillary aliwaeleza wote waliosimama kumsikiliza, pamoja na wengine waliokuwa wanapita njia tu. Fridah, mkewe, alipoona meza ya kulia imetekwa, alihamishia sahani kwenye kochi.

Sifa hizo zikafika nyumbani Sirisia. Mama Nakhungu, mke mkubwa wa marehemu baba yake, akamwita. Alikuwa ametunza negativu za mzee kwenye kopo la biskuti, na kati yake ilikuwamo ya siku walipohamia nyumba ya mabati: Mzee Nyongesa katikati, Nakhungu kulia kwake, Pauline kushoto. Pauline ndiye mke mdogo, mamake Hillary. Katika boma lile mke mkubwa hukaa mkono wa kulia wa mume, iwe mezani, kanisani au kwenye picha, na Pauline hajawahi kuipenda sheria hiyo. Picha yenyewe ililiwa na mchwa, ikabaki negativu.

Nakhungu hakutaka watu wa studio waiguse. Alimpa Hillary kopo zima kwa sababu alimnyonyesha pamoja na mwanawe Khisa, wakati Pauline alipougua akalazwa. Alitaka picha ikuzwe, itiwe fremu na ifunuliwe siku ya ukumbusho wa mzee, wajukuu waone mzee mwenyewe alivyowakalisha wake zake, na kelele za nyumba mbili ziishe.

Hillary akajitia ufundi. Alishika filamu kwa kingo zake tu, akaipuliza vumbi kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto. Lakini filamu ilikuwa imejikunja kwa miaka mingi, ikawa inainuka katikati na nyuso zinatoka na ukungu. Basi akaipindua, ikalala vizuri kwenye kioo cha skana. Alijua kabisa kwamba ukiipindua hivyo picha hutoka kinyume, wa kulia akawa wa kushoto, na lazima uirudishe kwenye kompyuta. Alisema atairudisha mwishoni, akimaliza vumbi.

Vumbi lile lilimmaliza yeye. Aliikuza picha mpaka shavu la mzee likajaa kioo cha kompyuta, akawa anafuta kidoa kimoja kimoja, mara kwenye kola, mara kwenye kitambaa cha kichwa cha Nakhungu. Chai ilipoa mbele yake. Alipomaliza, picha ilikuwa safi kweli, na habari ya kuirudisha ilikuwa imemtoka kichwani. Akaipeleka Bungoma mjini kukuzwa, na hata huko alichokagua ni vumbi.

Siku ya ukumbusho fremu iliwekwa sebuleni imefunikwa leso. Baada ya maombi Nakhungu mwenyewe akaivuta leso. Makofi yalianza, kisha yakafa. Pale kwenye picha Pauline alikuwa amekaa kulia kwa mzee, na Nakhungu kushoto.

Hillary alihisi masikio yakiwaka moto. Akasimama kueleza habari ya filamu iliyojikunja, kioo, kompyuta, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwongo. Kilichomchoma zaidi ni mamake, ambaye alikuwa anatabasamu.

"Sasa hiyo mashine ilijua aje kitu mama yako alikuwa anataka?" Khisa akamuuliza.

Nakhungu alinyanyuka, akabeba kiti chake kutoka upande wa kulia wa fremu, akakiweka kushoto, akakaa. Kisha akamwashiria Pauline ahamie pale palipobaki wazi. Pauline akahamia.

Hillary alirudi Kitale bila kuaga watu vizuri. Hakutaka kumtazama Fridah usoni. Aliwasha kompyuta, akabonyeza mara moja, na wake wawili wa baba yake wakarudi mahali pao. Hapo ndipo alipolia, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo.

Akakuza nyingine, akaipeleka Sirisia mwenyewe. Alimkuta Nakhungu akichambua mboga, akamwomba msamaha na kumfunulia fremu mpya. Nakhungu aliitazama.

"Umefanya aje mpaka nikarudi huku?"

"Ni kitu kidogo tu, mama. Nimebonyeza mara moja."

"Kwa hivyo hata hapa ni wewe umenikalisha." Hakusema kwa hasira. "Nirudishie ile ya baba yako."

Hillary aliweka fremu chini, akatoa kopo la biskuti kwenye mkoba wake, akampa. Nakhungu alifuta mikono kwa leso yake, akaitoa filamu na kuiinua kuelekea dirishani. Mle ndani, kwa kuwa negativu hugeuza cheusi kuwa cheupe, nyuso zilikuwa zimebadilika rangi hata huwezi kujua nani ni nani, ila nywele zilizochungulia kwenye kitambaa chake zilionekana nyeupe, kama zilivyo sasa.

"Huyu ndiye mimi," akasema, akairudisha kwenye kopo na kulifunga.

Akaendelea na mboga zake. Hillary aliokota ile fremu kubwa, akasimama nayo mlangoni, na hakuna aliyemwambia aiweke wapi.