Theluthi ya Maji

Naomi alinipigia simu Jumanne asubuhi, na kabla sijaitikia shikamoo yake nilikuwa nimeshakasirika. Mikumi nzima ilijua kwamba keki ya harusi ya Resiato anapika yeye. Mimi ndiye niliyempikia Mama Resiato keki za ubatizo na kipaimara za watoto wake wote wanne, tena kwa mkaa, kabla sijanunua oveni. Leo binti anaolewa, mama mtu huyo akafunga safari mpaka Kilosa kumtafuta Naomi, eti picha zake za kwenye simu zinapendeza.

Na Naomi huyo nimemfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui hata kupasua yai bila kudondosha ganda. Nikamfundisha kupiga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, nikamfundisha kujua kwa harufu kwamba keki imeiva. Kitu kimoja tu sikumfundisha, nacho ni kipimo. Siku za keki kubwa nilikuwa namtuma dukani, nafunga mlango, napima peke yangu. Mtu akishajua vyote, wewe unabaki na nini?

"Marahaba," nikasema.

"Mama Ashrafu, nimekwama. Nina mabati matatu ya keki, inchi kumi na mbili, tisa na sita. Sijui nichanganye kiasi gani. Mtandaoni wanapima kwa vikombe, sasa sijui ni vikombe vya nani. Na siagi naagiza Morogoro leo hii, ikipungua sipati nyingine kabla ya Jumamosi."

Jibu nilikuwa nalo. Unajaza kila bati maji, unayapima kwa jagi. Kwa mabati yale matatu yatatoka lita kumi hivi. Mchanganyiko unakuwa nusu ya hayo, lita tano, kwa sababu keki ikiumuka inajaza sehemu iliyobaki. Miaka kumi na minne nimepima hivyo na sijawahi kuaibika.

Wivu ukanishika. Akilini nilimwona Naomi amesimama pembeni ya keki yake, MC anamtaja, watu wanampigia makofi. Mimi hakuna MC aliyewahi kuniita. Keki zangu zimekatwa, zimeliwa, watu wamejifuta midomo wakaenda zao.

"Jaza mabati maji, upime kwa jagi," nikamwambia. "Mchanganyiko wako uwe theluthi ya maji hayo."

"Theluthi? Mimi kwa macho ningesema nusu, mama."

"Unaniuliza au unanifundisha?"

"Nauliza, mama. Nisamehe. Mungu akubariki sana."

Nilipokata simu nikapiga hesabu: lita tatu na kidogo. Keki ya chini itatoka bapa kama chapati! Nikacheka peke yangu jikoni, na katika kucheka huko nikaunguza trei nzima ya keki za kuwauzia abiria wa mabasi.

Alhamisi nilishika simu nimwambie ukweli. Nikakuta ameweka picha ya mabati yake mapya, yanang'aa, na watu arobaini wamempongeza hata hajapika. Nikaiweka simu chini.

Jumamosi nikavaa gauni langu zuri kuliko yote, nikala vumbi la barabara mpaka Kilosa kwenye harusi. Ukumbini nikachagua meza ya karibu na keki. Nilitaka nione vizuri.

Kitambaa kikaondolewa. Keki ilikuwa imesimama. Ngazi tatu, nyeupe, zina maua mekundu, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Niliikagua kama askari anayekagua mizigo. Nikaona krimu ni nene kupita kawaida, na keki ya chini ina mstari katikati, imeunganishwa. Wengine wote hawakuona kitu, na mimi roho iliniuma kweli.

Zikafuata keki ndogo za shukrani. Resiato alipiga magoti akawapa wakwe zake yao, kisha akawapa wazazi wake yao. MC akatazama karatasi yake, akamtazama Naomi. Naomi akatikisa kichwa. MC akaikunja karatasi, muziki ukapigwa.

Baadaye Naomi akaja mezani kwangu, akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Hongera, imependeza." Maneno hayo yalinitoka kwa shida. "Umewezaje?"

"Niliaibika, mama. Nadhani nilikosea kupima maji. Keki zilitoka bapa. Siagi ilikuwa imebaki ya keki moja tu ndogo, ya shukrani. Ikabidi nichanganye hiyo, nioke tabaka la pili la keki ya chini. Hizo za juu nimezinyanyua kwa krimu."

"Mbona keki za shukrani zimetoka zote mbili?"

"Zilikuwa tatu." Akafungua pochi, akatoa tishu iliyokunjwa, akaifungua mezani. Ndani yake kulikuwa na kibao kidogo cha sukari kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: *Mwalimu wangu, Mama Ashrafu*. "Ya tatu ilikuwa yako. Mama Resiato mwenyewe alikubali kwa furaha. Baada ya wazazi, MC angekuita mbele. Nisamehe, mama. Nimeona angalau nikuletee jina lako."

Mhudumu akapita, akaniwekea kipande cha keki ya chini, chenye ule mstari katikati. Sikuweza kukigusa.

"Nilikosea wapi, mama? Niambie, nisirudie tena."

Ningeweza kumwambia jagi lake ni bovu. Angeamini. Nikatazama jina langu pale kwenye tishu.

"Hukukosea," nikasema. "Kipimo ni nusu. Nilikuwa najua."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho mimi mkubwa. Kisha akaikunja tishu taratibu, kibao kikiwa ndani, akairudisha kwenye pochi yake.

"Karibu keki, mama," akasema, akaenda kuwahudumia wengine.