Kisigino cha Msemaji

Kila wiki tamthilia ile ilipokaribia kuanza, msemaji wa serikali alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kochi na wa kwanza kulalamika. Mhusika mkuu naye alikuwa msemaji wa serikali, mwenye kitambi na tai nyekundu, na waandishi wa habari wakimbana aliwakata kwa maneno yale yale: "Swali lingine."

"Wananiiga hawa, mama watoto. Hata tai."

"Tai yako nchi nzima inaijua," mkewe alimjibu, akimenya chungwa.

Jioni hiyo mambo yalikuwa moto. Rais wa kwenye tamthilia yu mahututi, na msemaji wake amesimama mbele ya vipaza sauti akiapa kwamba mzee ni buheri wa afya. Kamera ikashuka nyuma ya meza ya kuhutubia, polepole, hadi miguuni. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimechomoka kwenye kiatu.

Mumewe akaangua kicheko. "Hapa sasa wamechemsha. Nani anavua kiatu akisema uongo?"

Wewe, mkewe alisema moyoni. Tangu siku za uchumba. Akichelewa kurudi na kusingizia kikao, kisigino nje. Alipovunja redio ya baba mkwe akawasukumia watoto, kisigino nje. Mwenyewe hana habari. Na mkewe hakuwahi kumnong'oneza mtu, hata dada yake wa tumbo moja, maana mwanamke akishapata kitu kama hicho ana wazimu gani wa kukitangaza? Ilimchukua miaka kukijua. Haitoshi kukiona mara moja. Sharti udanganywe, udanganywe tena, nawe umekaa karibu kiasi cha kuiona miguu yake.

Majina ya waliotengeneza tamthilia yakaanza kupanda. Mumewe akanyakua rimoti.

"Acha kwanza," mkewe alisema.

Mwandishi alikuwa mwanamke. Labda dereva wa mumewe amepayuka mahali, alijiambia, au ni bahati tu, watu wa tamthilia hawaishiwi vituko. Alijituliza hivyo, asitulie.

"Umekula ofisini?"

"Nimekula."

Kandambili ya kushoto ilibaki mahali pake.

"Na huyu mwandishi, baba watoto, mnafahamiana?"

"Nitamjulia wapi? Jina lenyewe nalisikia leo."

Alilisema hilo kwa sauti yake ya kazini, nzito na safi, macho makavu. Chini, kisigino kilichomoka taratibu kikatua juu ya zulia.

Mkewe alikitazama. Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kitu kile alidhani ni chake peke yake. Akaweka kisu kwenye sahani, kando ya maganda.

"Swali lingine," alisema. "Yeye ulikuwa unamdanganya nini?"