Duriani la Ompung Tiarma

Kwenye kivuko cha kutoka kisiwa cha Samosir hakuna aliyemsumbua Ompung, yaani Bibi, Tiarma. Duriani lake lilikaa kwenye benchi kama abiria mwenzake. Kwenye treni ya kwenda Medan, ambako tunda hilo ni marufuku kwa harufu yake, bibi huyo alilifunika kwa mtandio wake, akalipakata na kuliimbia kama mjukuu.

Mkagua tiketi akanusanusa. "Ompung, mtoto kajichafua?"

"Ndiyo, na ukimwamsha utambembeleza wewe!"

Kwenye uwanja wa ndege, mashine ya kukagulia mizigo haikudanganyika. Ilionyesha miiba mitupu.

"Ompung, hili halipandi ndege," mlinzi akasema. "Litupe kwenye pipa lile."

"Nitupe? Mwanangu yuko Surabaya anaota duriani la kwetu, wewe unaniambia pipa? Hivi wewe umelelewa na nani?"

Ompung akaliweka duriani sakafuni, akalikanyaga kwa kisigino mpaka likapasuka, akaketi palepale. "Haya, njooni mle! Mnanitolea macho ya nini?"

Foleni nzima ikachuchumaa. Hata mlinzi alikula, akalamba vidole, akaomba tena.

Ndege ilipokwisha kupaa, mhudumu akapita ameziba pua. "Jamani, nani kapanda na duriani?"

Abiria wote wakageukia madirishani. Ompung Tiarma akacheua taratibu.

"Sote, mwanangu. Na mashine imetupitisha."