Wajukuu wa Maabara

Hayat aliinua jicho kutoka kwenye hadubini, akalirudisha, akaliinua tena. Seli hazikubadilika. Zilikuwa zimekufa, na seli za kisahani kile hazikutakiwa kufa hata kidogo.

Tuelezane mapema, asije mtu akapotea. Hayat Vuai, binti wa Kipemba aliyekulia Hayes, kule ndege za uwanja wa Heathrow zinakopita juu ya nguo zilizoanikwa, alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika sumu zinazoingia mwilini kwa pumzi. Wenzake walichagua moshi wa magari. Yeye alichagua udi. Mama yake alifukiza kila Ijumaa na kukohoa kila Jumamosi, na akiambiwa kuwa moshi ndio unaomuumiza hujibu kwamba kifua chake kinaharibiwa na baridi ya Ulaya. Basi Hayat akaamua kumletea ushahidi. Alitega filta katika nyumba za akina mama wa Kizanzibari, filta zikanasa moshi, na kile zilichokinasa akakimimina juu ya seli zinazooteshwa maabara, aone zitafanya nini.

Seli zenyewe zilitoka puani mwa mama huyo huyo. Bi Ummukulthum alikubali kusuguliwa pua kwa kijibrashi, ila kwa sharti kwamba awe anapewa habari zake. Akaziita wajukuu. "Wajukuu zangu hawajambo?" huuliza kila Hayat anaporudi, na hasahau kuongeza kwamba ni hao hao tu, maana wengine hajaletewa.

Leo, saa kumi na moja jioni, ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka maombi ya tuzo ya utafiti kwa wanafunzi wa fani hiyo. Akiipata, angeendelea na udi mpaka amalize. Akiikosa, msimamizi wake, Dokta Nishma, angemhamishia kwenye mradi wa vumbi la breki za treni, na huo ndio ungekuwa mwisho wa udi. Maombi yalikuwa tayari, limebakia jibu la nyumba moja tu: nyumba isiyo na moshi, ya kulinganishia na zile nyingine. Nyumba hiyo ilikuwa kwao. Mama aliapa kwamba wiki nzima ya vipimo hatafukiza. Na sasa seli zilizopewa hewa ya nyumba safi zimekufa sawasawa na za nyumba za moshi.

Hayat alizunguka meza. Akanawa mikono isiyo na uchafu. Akatoka nje ya mlango, akarudi akiwa amesahau alichokuwa akikifuata. Halafu likamjia wazo, akapanda ngazi mbio.

"Ni ndege," alimwambia Dokta Nishma, hata kabla hajakaribishwa kiti, na alipokaribishwa hakuketi. "Sisi tunaishi chini ya njia ya ndege. Ule si udi, ni Heathrow. Naweza kuandika aya nzima sasa hivi."

Dokta Nishma, mtu wa Harrow ambaye bibi yake alizaliwa Kisumu, alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka mtu ajisikie mwenyewe anavyosema. "Inawezekana," alisema mwishowe. "Kwani kuna harusi leo?"

"Harusi gani?"

"Unanukia kama mtu wa harusini. Tangu ulipoingia."

Hayat alivuta mkono wa sweta mpaka puani. Hakusikia kitu, na hapo ndipo alipoingiwa na hofu, kwa sababu mtu hasikii harufu ya kwao. Sweta hili la kijani alilitoa kabatini asubuhi, na alikuwa hajalivaa tangu kabla ya vipimo. Kabati lilikuwa chumbani kwake. Na filta ya nyumba safi ilitegwa chumbani humo humo.

"Basi nimekwisha," alisema.

"Unaweza kuandika kwamba ulinganisho bado unaendelea," alisema Dokta Nishma taratibu. "Si uongo. Watu huandika hivyo. Lakini kwanza kajue kilichotokea."

Ndani ya treni viti vilikuwa vitupu, Hayat akasimama. Alitunga maneno makali ya kumwambia mama Paddington, akayalainisha Ealing, akayanoa tena Southall. Alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila akiinamisha kichwa alijaribu kuisikia ile harufu, akaikosa.

Bi Ummukulthum alikuwa jikoni, ndiyo kwanza ametoka kazini, hajavua hata kizibao cha njano cha ghalani. Alikuwa akikata bamia.

"Mama, wiki ile ya vipimo ulifukiza?"

"Nyumba sikufukiza. N'likwambia sifukizi, na sikufukiza."

"Na chumbani kwangu?"

Kisu kilisimama. "N'likufukizia nguo tu. Humo kabatini, kidogo hivi. Watu walikuwa washapata habari ya tuzo yako, na macho ya watu, mwanangu, wewe huyajui."

"Nani aliwapa habari?"

"Mie."

Sasa mtu atamfanya nini mama kama huyu? Aliyetangaza ni yeye, aliyeogopa husuda ni yeye, na aliyekuja na kinga ni yeye. Hayat alifungua mdomo, na maneno yote ya njiani yakamkimbia. Yalibaki matatu.

"Mama, wajukuu wamekufa."

"Wepi?"

"Wa nyumba hii. Nilijua nawapa hewa safi ya kwetu, kumbe nawamiminia moshi wako."

Bi Ummukulthum alivuta kiti akaketi. Safari hii hakutaja baridi. "Moshi ule mdogo?" aliuliza.

"Ule ule."

Akakohoa, akajizuia, kikohozi kikamshinda. Alipomaliza aliziinamia bamia, na Hayat, aliyeingoja siku hii miaka mingi, hakufurahi hata chembe. Alimwonea huruma, na akaiona saa ya ukutani.

Alifungua kompyuta pale pale mezani. Akaandika kwamba ulinganisho bado unaendelea. Akafuta. Akaandika tena.

"Unawaambia nini?" aliuliza mama.

"Kwamba kazi haijesha."

"Kwa nini husemi kuwa mie n'meiharibu?"

"Sitaki kukuaibisha."

"Mie nishaaibika hapa, mbele yako. Hao wengine siwajui hata sura. Andika."

Hayat akaandika kwamba chumba cha kulinganishia kilifukizwa udi na mama wa mtafiti bila mtafiti kujua, kwamba filta hiyo haifai, na kwamba kipimo kitarudiwa. Alijua waamuzi wangeufikia mstari huo na huenda wasiendelee kusoma. Akamsomea mama kwa Kiswahili.

"Ongeza kwamba ilikuwa kwa nia ya heri."

"Hiyo si sayansi, mama."

"Ongeza."

Akaongeza. Akatuma kabla ya saa kugonga, kisha akasimama, akaketi, akasimama.

"Na wajukuu ndio basi tena?" aliuliza Bi Ummukulthum.

"Wapo wengine kwenye friza. Nitawaotesha upya. Ila nitahitaji wiki nyingine bila moshi, hapa hapa nyumbani."

Mama alinyanyuka, akaenda chumbani kwake. Alirudi na chetezo cha udongo cha kufukizia, alichoachiwa na mama yake huko kwao Wete, akakizungushia taulo, akakiingiza ndani ya mkoba wa Hayat, ubavuni mwa kompyuta.

"Kikae huko chuoni mpaka umalize kuwalea."

"Mama, si lazima. Mimi nakuamini."

"Wewe waniamini," alisema Bi Ummukulthum akifunga zipu ya mkoba. "Mie sijiamini." Akarudi kwenye bamia zake.